Huduma za Mtandao katika Linux: Mlango Uwe Wazi au Ufungwe?

Kila chombo kinachotoka kiwandani huja na maamuzi ambayo mnunuzi hakuyafanya. Jokofu huja likiwa limewekwa kiwango fulani cha baridi, na redio huja ikiwa imewekwa sauti ya kadiri fulani. Mnunuzi anaweza kuyabadilisha maamuzi hayo, lakini aghalabu hafanyi hivyo. Ama hajui kwamba yapo, ama anaona kuwa aliyekitengeneza chombo anajua zaidi yake.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo, ila maamuzi yake ni maelfu. Programu isiyopewa maagizo na mtumiaji hufuata maagizo iliyoachiwa na mtengenezaji, na maagizo hayo kwa jumla huitwa mpangilio wa awali. Makala hii inahusu sehemu moja tu ya mpangilio huo: ile inayoamua kama kompyuta inayotumia mfumo wa Linux itakuwa tayari kumjibu mtu wa mbali anayebisha hodi kupitia mtandao. Linux huendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti, na kiini chake kimo ndani ya simu za Android, ndani ya ruta nyingi na ndani ya kamera nyingi za ulinzi. Kwa hiyo mstari mmoja katika faili moja ya mpangilio waweza kuzigusa mashine mamilioni, na kuwagusa watu ambao hawatausoma mstari huo kamwe.

Huduma, milango na anwani

Huduma ya mtandao ni programu inayokaa ndani ya kompyuta ikingoja maombi ya kompyuta nyingine. Ombi likifika, huduma hujibu: hutoa ukurasa, hupokea barua, huchapisha waraka, au humruhusu msimamizi aiendeshe mashine kutoka mbali. Ili maombi yasichanganyike, kila huduma hungoja kwenye mlango wenye namba yake. Milango hiyo, ambayo mafundi huiita poti, hufika namba 65,535 katika kila moja ya taratibu mbili kuu za kusafirisha ujumbe, yaani TCP na UDP. Kwa kawaida barua hupokewa katika mlango wa 25, kurasa za wavuti katika milango ya 80 na 443, usimamizi wa mbali kwa SSH katika mlango wa 22, na kazi za uchapishaji katika mlango wa 631.

Mlango usio na programu inayousikiliza ni sawa na ukuta mtupu. Mgeni hawezi kuutumia hata awe hodari namna gani. Mlango unaosikilizwa, kwa upande mwingine, ni mazungumzo baina ya mgeni na programu, na programu yoyote iliyoandikwa na binadamu yaweza kuwa na kasoro. Ndiyo sababu idadi ya milango inayosikilizwa ni kipimo cha kwanza cha hatari.

Mtengenezaji ana daraja nne za kuchagua. Kwanza, anaweza kuiacha huduma isiwemo kabisa. Pili, anaweza kuiweka lakini asiiwashe. Tatu, anaweza kuiwasha ikasikiliza anwani ya ndani tu, yaani 127.0.0.1, ambayo huitumiwa na programu za mashine ile ile kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Nne, anaweza kuiwasha ikasikiliza anwani zote za mashine, jambo linaloandikwa 0.0.0.0. Tofauti kati ya daraja ya tatu na ya nne ni tarakimu chache tu katika faili, lakini ndiyo tofauti kati ya mtu anayezungumza chumbani na mtu anayezungumza sokoni.

Urithi wa mwaka 1988

Huduma nyingi za Linux zina asili yake katika Unix, mfumo ulioanza kutengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Katika miaka ya 1970 na 1980 mtandao uliunganisha vyuo vikuu, maabara na idara za serikali. Mgeni aliyebisha hodi aghalabu alikuwa mtafiti mwenzako, na kumfungulia lilikuwa jambo la busara na la ukarimu.

Ukarimu huo ulitiwa doa tarehe 2 Novemba 1988. Siku hiyo Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia mtandaoni programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Njia mojawapo iliyotumia ilikuwa sendmail, programu ya kusafirisha barua. Sendmail ilikuwa na hali ya majaribio iliyomwezesha fundi kutuma amri kutoka mbali ili achunguze hitilafu. Kwa kuwa kuipanga sendmail kulikuwa kazi ngumu, hali hiyo ilikuwa imeachwa wazi katika mashine nyingi. Makadirio ya wakati ule yalikuwa kwamba kompyuta 6,000 hivi ziliambukizwa, kati ya 60,000 hivi zilizokuwa mtandaoni.

Hapa tunaona sura ya tatizo lote. Manufaa ya mlango ule yalimwendea fundi kwa saa chache, siku alipokuwa akiipanga mashine. Hatari yake ilibaki usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, baada ya fundi kuondoka.

Linux na mikusanyo yake

Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini cha Linux mwaka 1991. Kiini peke yake hakitoshi kumhudumia mtumiaji. Kwa hiyo yalitokea makundi na makampuni yanayokusanya kiini hicho pamoja na maelfu ya programu na kuvitoa kama kitu kimoja. Mkusanyo wa namna hiyo, kama vile Debian, Red Hat au Ubuntu, ndio unaoamua kwa sehemu kubwa milango ipi iwe wazi siku ya kwanza.

Katika miaka ya 1990 ilikuwa kawaida mikusanyo kuwasha huduma nyingi mara tu mfumo ulipowekwa. Mtu aliyetaka kujifunza alifurahi kuona kila kitu kikifanya kazi bila kuhangaika. Lakini Januari 2001 mnyoo wa kompyuta ulioitwa Ramen uliingia katika mashine za Red Hat Linux za matoleo ya 6.2 na 7.0. Ulipitia huduma tatu: wu-ftpd ya kuhamisha mafaili, rpc.statd inayosaidia kushirikiana mafaili, na LPRng ya kuchapisha. Ulibadilisha ukurasa wa mbele wa tovuti iliyokuwamo, kisha ukaziba upenyo ulioingilia na kuanza kutafuta mashine nyingine.

Marekebisho ya kasoro zote tatu yalikuwa yamekwisha kutolewa miezi kadhaa kabla. Mbona basi hayakuwekwa? Sehemu ya jibu ni mpangilio wa awali wenyewe. Mtu asiyehitaji kuhamisha mafaili hana sababu ya kufuatilia marekebisho ya huduma ya kuhamisha mafaili, na hasa ikiwa hajui kwamba anaiendesha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ili mtu azibe ufa hana budi kwanza ajue kwamba ana ukuta mahali hapo.

Hoja ya kufunga

Hoja ya kufunga haikuanza na Linux. Mwaka 1975 wataalamu Jerome Saltzer na Michael Schroeder walichapisha maelezo ya kanuni za kulinda habari ndani ya kompyuta. Kanuni mojawapo yasema kwamba hali ya awali iwe kukataa, na ruhusa itolewe kwa kutajwa. Sababu yake yafaa ielezwe darasani. Mfumo unaoanza kwa kukataa ukipangwa vibaya, mtu mwenye haki atakataliwa, atalalamika, na kosa litarekebishwa. Mfumo unaoanza kwa kukubali ukipangwa vibaya, mtu asiye na haki ataingia, naye hatalalamika. Kosa la kwanza hupiga kelele. La pili hukaa kimya.

Mradi wa OpenBSD, ambao ni mfumo mwingine wa ukoo wa Unix na ndio uliozaa programu ya OpenSSH inayotumika katika Linux, uliifanya kanuni hiyo kuwa bendera yake. Mradi huo hujivunia kwamba kwa muda mrefu mpangilio wake wa awali umepatikana na matundu mawili tu ya kuingilia kutoka mbali. Ubuntu, mkusanyo uliotolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, nao ulichukua sera kwamba mashine iliyowekwa upya isiwe na mlango wowote unaosikiliza mtandao, isipokuwa michache iliyokubaliwa mahsusi.

Gharama ya kufunga

Msomaji asidhani kwamba shauri limekwisha hapo. Wanaoikosoa OpenBSD husema kwamba mfumo usiofungua chochote haufanyi kazi kubwa. Mwenye mashine atafungua tu, na tangu saa hiyo majigambo ya mtengenezaji hayamhusu tena. Kufunga hakuondoi uamuzi. Humkabidhi mtumiaji uamuzi huo, pengine akiwa na haraka na bila mafunzo.

Tuchukue mfano wa SSH. Zamani OpenSSH ilimruhusu msimamizi mkuu wa mashine aingie kutoka mbali kwa neno la siri. Wavamizi walilijua jina la msimamizi huyo, kwa kuwa katika Linux ni lile lile kila mahali, na wakabaki na kazi ya kubahatisha neno la siri tu. Toleo la 7.0, lililotolewa Agosti 2015, lilibadilisha mpangilio: msimamizi mkuu sharti atumie ufunguo wa kielektroniki. Usalama uliongezeka, lakini gharama ilikuwapo. Mtu aliyekodi seva katika nchi ya mbali hana kibodi wala kioo cha mashine ile. SSH ndiyo njia yake ya kuifikia. Asipoutayarisha ufunguo mapema, amejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe.

Mikusanyo yenyewe haikubaliani. Katika Debian na Ubuntu, mtu akiweka programu ya huduma, huduma hiyo kwa kawaida huwaka papo hapo. Hoja ni kwamba asingeiweka kama haitaki. Katika Red Hat na Fedora, huduma hubaki imezimwa mpaka msimamizi aiwashe kwa amri. Hoja ni kwamba apate nafasi ya kuipanga kabla haijaonekana na ulimwengu. Hoja zote mbili zina akili. Ya kwanza humsaidia anayeanza, na ya pili humlinda aliyesahau.

Ipo pia hatari iliyojificha. Mwanafunzi akikuta mlango umefungwa na asielewe sababu, atatafuta ushauri, na ushauri wa haraka aghalabu ni kufungua kila kitu: kuandika 0.0.0.0, kuzima programu inayochuja mawasiliano, na kuendelea na kazi. Mpangilio uliofungwa bila maelezo waweza kumsukuma mtu kwenye uwazi mkubwa kuliko ule ulioepukwa. Kufunga kwema ni kule kunakoambatana na njia nyepesi ya kufungua kidogo.

Kasoro moja, mipangilio miwili

Mwezi Septemba 2024 ulitoa mfano ulio wazi kabisa. Iligunduliwa kasoro katika cups-browsed, programu inayosaidia mfumo wa uchapishaji wa Linux kutafuta printa. Programu hiyo ilisikiliza mlango wa 631 wa UDP katika anwani zote, na ilimwamini yeyote aliyetuma ujumbe kusema kwamba ana printa. Mvamizi aliweza kutangaza printa ya uongo na, kwa kuunganisha kasoro nyingine za mfumo huo, kutia amri yake ndani ya maelezo ya printa hiyo. Amri ilitekelezwa mtumiaji alipopeleka waraka kwenye printa ile.

Kwa nini mlango huo ulikuwapo? Ulikuwapo kwa ajili ya urahisi, ili mtu akiingia ofisini au shuleni aone printa zote bila kumwuliza fundi. Tena utaratibu wenyewe ulikuwa wa zamani. Mfumo mkuu wa uchapishaji ulikuwa umeuacha tangu mwaka 2012, na cups-browsed iliuendeleza kwa ajili ya mashine za kale. Katika Ubuntu ya mezani programu hii ilikuja ikiwa imewashwa, licha ya ile sera ya milango iliyofungwa. Katika Red Hat Enterprise Linux ilikuwamo pia, lakini haikuwashwa katika mpangilio wa awali.

Programu ilikuwa ile ile na kasoro ilikuwa ile ile. Mwenye mashine ya aina moja alilazimika kuharakisha marekebisho. Mwenye aina ya pili, ikiwa hakuwa ameiwasha mwenyewe, aliweza kuyangoja kwa utulivu. Lakini huyo wa pili, siku alipohitaji kuziona printa za zamani, alilazimika kuuliza. Huo ndio mzani wenyewe: usumbufu mdogo wa wengi upande mmoja, na hatari kubwa isiyo na tarehe upande wa pili.

Gharama inayomwangukia jirani

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mwenye mlango ndiye anayeumia. Mara nyingi sivyo. Mwaka 2016 programu ya uharibifu iliyoitwa Mirai iliingia katika kamera na ruta zenye Linux ndogo ndani yake. Ilijaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri, zaidi kidogo ya 60, ambayo viwanda vilikuwa vimeyaweka na wanunuzi hawakuyabadilisha. Kamera ziliendelea kupiga picha na wenyewe hawakuona tofauti. Lakini tarehe 21 Oktoba 2016 mashine za namna hiyo zilielekezwa zote pamoja dhidi ya kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, na tovuti kubwa kadhaa, zikiwamo Twitter na Netflix, hazikufikika kwa saa kadhaa kwa watumiaji wengi.

Mfano wa pili ni memcached, programu inayotunza data katika kumbukumbu ya seva ili ipatikane upesi. Mpangilio wake wa awali ulisikiliza UDP pia. Katika UDP mtu anaweza kuandika anwani ya uongo ya mtumaji. Akiuliza swali fupi kwa anwani ya mtu mwingine, jibu refu humwendea huyo mwingine. Jibu la memcached liliweza kuwa kubwa mara makumi ya maelfu kuliko swali. Tarehe 28 Februari 2018 tovuti ya GitHub ilipigwa na mafuriko ya terabiti 1.35 kwa sekunde kwa njia hiyo. Toleo la 1.5.6 lilikuja na UDP ikiwa imezimwa, na watumiaji wachache tu walikuwa wakiihitaji. Hata hivyo, mpangilio mpya hauzifikii mashine za zamani ambazo hazirekebishwi, na hili ni jambo la kukumbukwa daima.

Mifano hii miwili yaonyesha kwa nini uamuzi hauwezi kuachiwa urahisi wa mwenye chombo peke yake. Uingereza, kwa mfano, ilitunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, inayokataza kumwuzia mtumiaji wa kawaida chombo cha intaneti chenye neno la siri la kiwandani linalofanana katika kila chombo.

Kuchunguza mashine ya shule

Shule yenye kompyuta ya Linux yaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi. Mwanafunzi aandike amri ss -tuln, nayo itaorodhesha milango ya TCP na UDP inayosikiliza. Kwa kila mstari aitazame anwani ya mashine. Ikianza na 127, au ikiwa ::1, huduma inazungumza ndani ya mashine tu. Ikiwa 0.0.0.0, au [::], au nyota, huduma inasikiliza kila upande. Msimamizi akiongeza herufi p na kutumia mamlaka yake, ataona pia jina la programu yenyewe. Amri hii husoma tu na haibadilishi kitu. Na ifanywe katika mashine ya shule kwa idhini ya mwalimu, kwa maana kuchunguza milango ya mashine za wengine bila ruhusa ni jambo lingine kabisa.

Kisha darasa lijiulize maswali matatu juu ya kila mlango ulio wazi. Ni nani anayeuhitaji, naye yuko wapi? Ukifungwa, nani atajua, na atajua lini? Ukitumiwa vibaya, nani atakayelipa? Jibu la swali la kwanza likiwa ni hapana mtu, mlango ufungwe. Likiwa ni watu wa chumba hiki tu, mlango usikilize mtandao wa chumba hiki tu. Na la tatu likiwa ni mtu asiyehusika, basi urahisi wetu hautoshi kuwa sababu.

Mtengenezaji aliyechagua mpangilio wa awali alimfikiria mtumiaji wa wastani, na hakuijua shule hii, printa yake wala wanafunzi wake. Alifanya uamuzi kwa sababu hapana budi mtu mmoja aufanye. Anayeipokea mashine anaweza kuupima uamuzi huo upya, na kazi ya kuupima huanza kwa kuisoma orodha ya milango.